Sambusa Mbili za Kanombe

Siku mliyoniaga mliweka keki mezani tangu hotuba ya kwanza hadi ya mwisho, bila hata kitambaa juu yake, nami nikakaa naitazama na kuwahesabu nzi. Sikusema kitu, nilikuwa mgeni wa heshima. Hiyo ndiyo taabu ya kustaafu katika kazi yetu ya ukaguzi wa afya: barua ya kustaafu unapewa wewe, macho hayapewi. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Vyeo na mishahara tuviache, havijawahi kumfundisha mtu kunusa nyama. Nitaandika miaka ile ya mwanzo tu, tisini hadi tisini na nne, kwa sababu hiyo ndiyo isiyonipa usingizi.

Nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, katika nyumba ya fundi cherehani, na Kiswahili kwetu kilikuwa cha sebuleni. Babu yake baba alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akapendezwa na baridi ya huku, au na msichana wa huku, inategemea unamuuliza shangazi yupi. Nadhani Kiswahili hicho ndicho kilichonipatia kazi. Wenye maduka wengi walikisema, wanajeshi na wake zao walikisema, na wakaguzi waliokuwapo walikuwa wamesomea Kifaransa tu. Watu waliniita Bwana Afya tangu siku ya kwanza. Niliwasahihisha kwa muda, nikawaambia mimi ni mwanamke, wakanijibu, "Ndiyo, Bwana Afya," nikaacha.

Aliyenipokea ni Mzee Evarisiti, mkaguzi wa zamani, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia asiyoivua hata kwa mkubwa wake. Nilifika nimevaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Alinitazama akasema, "Vua hilo. Ukivaa hilo watakuona ukiwa mbali, watafunika kila kitu, na wewe utaishia kukagua vitambaa." Tukaenda sokoni akaniketisha juu ya kreti ya soda mbele ya duka moja la mikate. "Usimwangalie muuzaji," akasema. "Mwangalie nzi. Anatoka wapi, na anatua wapi." Kisha akaenda zake. Nilidhani ananichezea kwa kuwa mimi ni mgeni. Jua liliponichoma vya kutosha nikaona kwamba nzi wa duka lile hawakuwa wa duka lile: walitoka nyuma, kwenye mfereji, wakapitia mgongo wa mbuzi aliyefungwa pale, ndipo wakaja kwenye mikate. Mzee aliporudi nikamweleza safari hiyo yote. Akasema, "Mbuzi sikuwa nimemwona." Kwake hayo yalikuwa maneno makubwa ya sifa.

Ninyi mnafikiri watu waliacha chakula wazi kwa uvivu. Sivyo. Mteja wa Kigali enzi zile alinunua mkate kwa kidole. Aliubonyeza, akaurudisha, akabonyeza wa pili, na ule wa saba ndio akauchukua, baada ya hapo akaja mwingine na kidole chake. Ukiufunika mkate, mteja anajua ni wa jana. "Dada, nikifunika wanasema naficha," muuzaji mmoja aliniambia, na hakuwa anasema uongo. Mzee Evarisiti alikuwa na dawa yake kwa watu kama hao. Angemuuliza, "Maziwa nyumbani kwako unayaweka wapi?" Kwenye gudulia lake. "Lina kifuniko?" Loo, mzee, maziwa bila kifuniko, hiyo ni aibu. "Sasa mkate ni mtoto wa nje?" Watu walicheka, na waliocheka wengi walifunika. Mimi nimeitumia dawa hiyo mpaka nimestaafu.

Halafu Oktoba ile ya tisini vita vikaanza kaskazini, na kazi yetu ikabadilika ladha. Vizuizi vilijaa barabarani. Mkoba wangu ulikuwa na tochi, glavu, chokaa, chupa ya mafuta ya taa ya kuharibia vyakula vibovu, na vipande vya wavu wa chuma wa kukingia nzi, na kila kizuizi ulimwagwa chini upya, huku kijana mwenye bunduki akiniuliza wavu huo ni wa kuvulia nini. Watu wengi walikamatwa mwezi ule, wakiitwa vibaraka wa adui. Tangu hapo mtu akiona mgeni amesimama mbele ya duka lake anatazama vitu kimya kimya, hafikirii usafi. Wenye maduka walianza kunitetemekea, na mimi nikaanza kuwatetemekea wao, maana sikujua nani anapeleka maneno wapi. Nilipata tabia ya kutembea haraka. Hata sasa mume wangu hunishika mkono tukienda sokoni, ananiambia, "Zaina, hakuna anayekufukuza."

Mwaka uliofuata nilipewa Kanombe. Mnaijua kwa uwanja wa ndege, lakini mimi niliijua kwa maduka yaliyopakana na nyumba za familia za askari: vibanda vya matofali, kaunta mlangoni, na juu ya kaunta sinia. Duka la tatu lilikuwa la Mama Aline. Mumewe alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa Oktoba ile, na hakurudi. Alikuwa na mabinti wawili, Aline na mdogo wake, na aliwalisha kwa sambusa za viazi ambazo hata marubani walituma watu kuzinunua. Alizipanga kwa ustadi juu ya sinia la bati, pembe juu ya pembe, wazi kabisa, upepo wa barabara ukizipiga vumbi.

Tuligombana kila wiki, na ugomvi ule niliupenda. Nilimpa kipande cha wavu ili afunike sinia, akakitundika dirishani kuwa pazia. Nikamuuliza kuhusu nzi. "Hawa ni waonjaji wangu," akasema. "Siku wakikimbia sambusa, na wewe kimbia." Nikamwambia nitamfungia duka. "Funga. Halafu jioni uje unichotee maji, maana nitakuwa sina kazi." Nikatoka nimenuna, na kabla sijafika barabarani nikawa nacheka peke yangu. Mtu aliyepoteza mume namna ile na bado ana mzaha mdomoni, utamwandikia nini?

Mvua ndefu za tisini na mbili zilileta kuhara damu. Nyumba za askari zilijaa watu kupita kiasi, ndugu waliokimbia mapigano walilala hadi barazani, na vyoo vilivyochimbwa kwa ajili ya familia moja vilitumiwa na tano. Watoto waliugua mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa kwanza kuzidiwa aliitwa Kado, mvulana wa mke wa askari aliyekaa nyuma ya duka la Mama Aline. Mama Kado alimbeba hadi zahanati, na huko msaidizi wa mganga akamuuliza mtoto amekula nini. Sambusa. Yule msaidizi akasema neno la Kifaransa alilofundishwa shuleni kwa ajili ya ugonjwa unaotoka kwenye chakula, kisha, ili mama aelewe, akalitafsiri: "Amekula sumu."

Hapo vijana simameni kidogo, maana ndipo darasa lenyewe lilipo. Lugha yetu haitenganishi. Kilichooza ni sumu, na kilichotiwa dawa na adui ni sumu. Na kwetu Rwanda sumu si jambo la kuulizwa mara mbili. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, *gusogongera* tunasema, na asipoonja unaweka chini unaaga. Anayetia sumu anaitwa *umurozi*, na mlozi kwa Kiswahili ni mchawi; katika Kiswahili cha Kanombe, ambako l na r hubadilishana viti, hayo mawili ni neno moja. Mama Kado aliingia zahanati na mtoto anayehara. Alitoka na mtoto aliyerogwa na mke wa kibaraka.

Mimi nilifika asubuhi iliyofuata kwa ajili ya ukaguzi wa kawaida, sijui lolote. Nilikuta wanawake wameziba mlango wa duka, na mume wa Mama Kado amesimama kando na bunduki yake begani. Mama Aline alikuwa nyuma ya kaunta, mabinti zake wamejibana nyuma ya gauni lake. Sinia lilikuwa mahali pake, sambusa wazi, nzi juu yake kama kawaida.

"Bwana Afya amekuja," mmoja akasema, wakanipisha.

Mama Kado alinishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, na nilimhurumia, hilo nataka mlijue. "Sema kweli," akaniambia. "Wewe ndiye unajua chakula. Iko sumu hapa ndani ama hakuna?"

Nilijua nini kilikuwa kwenye sinia lile. Nilikuwa nimewaona nzi wale tangu mwaka uliopita. Kazi yangu ilinitaka nichukue sambusa zote, nizimwagie mafuta ya taa, nizizike, nifunge duka. Nikageuka kumtazama Mama Aline na nikaona kwamba nikifanya hivyo nimemuua. Nikizimwagia mafuta, watasema hata serikali imeona sumu. Nikisema hakuna kitu, nitakuwa nimedanganya, na watoto wataendelea kuzila.

"Akule," sauti ikatoka nyuma. "Kama ni nzuri, akule mbele yetu."

Mama Aline akanyoosha mkono kwenye sinia. Nami nikafanya kile ambacho kila mkaguzi angefanya: nikamwambia, "Ngoja, usile hiyo."

Nikasikia wanawake wakivuta pumzi. Askari akashusha bunduki begani akaishika mkononi. "Mnaona?" akasema Mama Kado, taratibu sana. "Anajua. Anamkataza."

Sikumbuki kuwaza. Niliingia upande wa pili wa kaunta, nikasimama bega kwa bega na Mama Aline, nikachukua sambusa moja, yeye akachukua yake, tukala. Ilikuwa ya baridi, na ilikuwa tamu, nikakasirika kwamba ni tamu. Tulitafuna huku tunatazamwa midomo. Nilipomeza, Mama Kado akaingiza mkono chini kabisa ya sinia, akatoa nyingine, iliyobonyea, akaninyooshea.

"Ile ulichagua mwenyewe. Kula hii."

Nikala hiyo pia. Mama Aline naye akapewa ya pili, akala hadi pembe ya mwisho, akajifuta mkono kwenye gauni.

Tukasubiri. Hamjui urefu wa kusubiri kule. Hakuna aliyeanguka. Hapo ndipo nikapata sauti, nikasema kwa Kiswahili chao ili askari asikie: "Mmeona si sumu. Sumu inawekwa na mtu. Huu ni uchafu, na uchafu unaletwa na nzi, na nzi hana chama. Sambusa hizi zitazikwa kwa sababu ni chafu, na duka litafungwa mpaka lisafishwe, kama nilivyofunga lingine lolote. Mtoto wako mpe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, usiache. Atapona." Askari akarudisha bunduki begani. Mama Kado akaondoka, na wengine wakamfuata. Nilichimba shimo mwenyewe. Mafuta ya taa mengi yaliingia kwenye viatu vyangu.

Nilikaa salama siku moja tu. Halafu tumbo likaanza, na damu nikaiona. Nikaelewa kitu kibaya zaidi ya ugonjwa wenyewe: nikilala nyumbani, Kanombe watauliza Bwana Afya yuko wapi, watajibiwa anaumwa tumbo, na Mama Aline amekwisha. Basi nikavaa nikaenda kazini, nimebana miguu kama mtu anayebeba yai.

Mzee Evarisiti alinitazama nikitoka na kuingia hadi akavua miwani. "Zaina," akasema, "ofisi hii ina choo kimoja, na mimi si mjinga. Ulionja?"

"Nilikula."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Sikukufundisha hivyo," akasema. Kisha akaniuliza kwa nini, nikamweleza yote. Nilitegemea hotuba. Badala yake akaiweka sawa kofia yake, akajaza dumu dogo maji yaliyochemshwa, akatia chumvi na sukari, akasema, "Twende Kanombe. Wakuone unatembea. Na leo tutakagua vyoo."

Na kweli tulivikagua. Hakuna choo kati ya barabara kuu na nyumba za askari ambacho sikukiingia siku ile na siku iliyofuata, mzee akisimama nje na dumu lake, akiwaeleza wenyeji kwa uzito wote kwamba mkaguzi huyu ni makini, hutazama kila pembe, ndiyo maana anachelewa kutoka. Mimi ndani nilikuwa nauma kitambaa ili nisisikike. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sidhani kama kuna ukaguzi mwingine nilioufanya kwa bidii kama ule. Kwa kuingia namna hiyo ndipo nikakuta shimo moja: choo nyuma ya nyumba za askari, mfuniko umeoza na kudondokea ndani, nzi wakitoka kama moshi na kukata moja kwa moja juu ya ua hadi kaunta ya Mama Aline. Njia yao niliiona kwa macho. Mzee alipeleka habari kwa wakubwa wa pale kwa maneno ya heshima sana, shimo likatiwa chokaa, likafukiwa, likachimbwa jipya lenye mfuniko. Ugonjwa ukapungua. Kado akapona. Mimi nikapona.

Duka lilipokwisha kusafishwa nilikwenda kulifungua mwenyewe, nimebeba kabati dogo la mbao na wavu ambalo seremala wetu wa Biryogo alinitengenezea. Nilijisikia mtu mwema, niseme ukweli. Mama Aline akalipokea, akalipapasa, akaliweka juu ya kaunta.

"Uliugua?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mwongo. Mimi nilihara nimesimama hapa hapa. Nilijifunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, duka limefungwa lakini mimi nimekaa mlangoni, ili wakipita wanione nimekaa. Aline ananipokea kitenge, ananipa kingine." Tukacheka hadi tukashikana, wanawake wawili wazima, machozi yanatutoka. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Siku nyingine wakija," akasema, "nani atakula na mimi?"

Nikamjibu jibu la kazini. "Hawatakuja. Sasa utafunika."

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyejibu swali lingine. "Zaina," akasema, "wewe unadhani walikuja kwa sababu ya nzi?"

Nikajifanya naikaza bawaba ya kabati. Mwanzoni mwa tisini na tatu aliwachukua mabinti zake akavuka mpaka wa Tanzania pale Rusumo, akaenda kwa dada yake Bukoba. Nilimkasirikia. Nilihesabu nilivyoteseka kwa ajili ya duka lile, na yeye kaliacha na kabati ndani. Niliona anakuza mambo. Msihangaike, yuko hai; mwaka jana alinipigia simu kunitania kwamba nimestaafu na nzi bado wako kazini. Mzee Evarisiti ndiye asiyekuwapo, wala hakufa kwa uzee.

Nimalizie na jambo dogo, la mwaka wa tisini na nne, kabla ya mauaji yale ya Aprili. Nilikuwa Kanombe kwenye bomba la maji, Mama Kado akaja na ndoo. Alinikumbatia. Kado alikuwa pembeni, amenenepa, anafukuza kuku. Alinishukuru kwa ajili yake, akaniombea kwa Mungu, na nilifurahi kweli. Tukazungumza bei ya maharage, tukazungumza mvua. Ndoo ilipojaa akaibeba kichwani, akaniuliza kwa sauti ile ile ya maharage:

"Na yule mrozi wetu, alikimbilia wapi?"

Mwanamke huyu alinichagulia sambusa ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Aliniona nikiimeza.

"Nasikia Gisenyi," nikasema, nikitaja upande wa pili kabisa wa nchi.

"Vizuri," akasema, akaiweka sawa ndoo yake. "Nitamwambia Baba Kado."

Ilikuwa mwezi wa Machi.